Saba za Kweli

Siku ya kupimwa nguvu, wazee wa Kwamndolwa walifika wakiwa hoi. Mzee Habakuki, ambaye jana yake watu wasiopungua kumi walimwona akipandisha gunia la mahindi kwenye baiskeli, alikuja ameshikwa mkono na mkwewe. Bi Rhoda alikuja na fimbo isiyo yake. Ilimzidi urefu, ikabidi aishike katikati kama mtu anayetwanga. Hilaria, mwenye watoto sita na mdomo wa watu kumi na wawili, alikuwa amevua hata hereni.

Walikuwa na sababu. Mtaani pale inajulikana kwamba mtu akija na karatasi na kalamu, usivae vizuri. Kuna mwaka walipita watu wakiandikisha kaya za kusaidiwa, na Bi Rhoda, kwa heshima ya wageni, akafagia uwanja, akavaa kitenge kipya, akawachemshia chai ya maziwa. Wageni wakanywa, wakashukuru, wakalikata jina lake. Tangu siku hiyo hakuna mzee wa Kwamndolwa anayefagia uwanja mbele ya karatasi.

"Mama Sadala," Hilaria alikuwa amemwambia jirani yake Chausiku jana yake, akiwa amesimama kwenye pengo la uzio, "kesho wanapima. Wenye hali mbaya wanapewa kadi nyekundu. Na kadi nyekundu unajua maana yake."

"Maana yake nini?"

"Msaada, jamani! Wewe umezaliwa leo? Watupime nguvu bure watupeleke wapi, jeshini?"

Chausiku alikuwa chini, kwenye mbuzi, anakuna nazi. Ana miaka sabini na moja. Akasema "Bismillahi, yaa Rabbi," akashika goti, akainuka kwenda kuchukua maji, akarudi, akakaa, akasema "Alhamdulillahi." Ndivyo alivyoinuka na kukaa maisha yake yote, wala hakukumbuka kama kuna njia nyingine.

"Na Baba Sadala je?" aliuliza.

Mumewe, Mzee Muhsin, alikuwa barazani anasuka kamba. Miaka kumi na tisa alikuwa mpima mizani kwenye ghala la chama cha ushirika, na hakuna mkulima hata mmoja aliyewahi kusema ameongezewa au amepunguziwa kilo. Wakulima wengine walimchukia kwa sababu hiyo hiyo.

"Mimi mizani siidanganyi," alisema bila kuinua macho.

"Basi wewe utakosa," Hilaria alimwambia. "Mwenzio atapata kwa ajili yenu wote."

* * *

Mazoezi yaliletwa na Yusta, muuguzi wa zahanati, binti mwenye raba nyeupe na sauti ya kuamsha wagonjwa. Banda lilikuwapo, ila viti hakuna, kwa hiyo aliazima viti vya plastiki vya kamati ya mazishi ya mtaa. Kila kiti kiliandikwa mgongoni kwa rangi nyeusi: MSIBA. Wazee walivitazama kwanza, kisha wakakaa upande upande.

"Bibi zangu, babu zangu, shikamooni."

"Marahabaa," waliitikia kwa sauti dhaifu sana.

"Kipimo ni rahisi. Unakunja mikono kifuani, hivi. Unainuka, unasimama wima, unakaa, unainuka tena. Sekunde thelathini. Chini ya mara nane ni kadi nyekundu. Nane mpaka kumi na moja, njano. Kumi na mbili kwenda juu, kijani."

Hilaria aliinuka mara mbili. Mara ya pili aliomba maji. Mzee Habakuki aliinuka mara tatu na kuulizia ilipo hospitali ya wilaya. Ilipofika zamu ya Chausiku, alifunga macho. "Bismillahi, yaa Rabbi," akainuka taratibu, akayumba kidogo. "Alhamdulillahi," akakaa. Zilipotimia sekunde thelathini alikuwa amefika nne.

"Bibi, unasikia kizunguzungu?"

"Nasikia kila kitu, mwanangu."

Yusta akaandika, akakaza nyusi.

Mzee Muhsin alikuja na kanzu iliyopigwa pasi. Alikunja mikono, akainuka na kukaa kama anayefuata mshale wa saa, mara kumi na nne. Hakuhema. Akapokea kadi ya kijani, akaikagua mhuri, akaitia mfukoni.

Hilaria akanyoosha kidole. "Sasa mwanangu, sisi wa nyekundu lini?"

"Jumanne na Alhamisi, saa mbili asubuhi. Miezi mitatu."

"Jumanne na Alhamisi ndiyo wanagawa?"

"Wanagawa nini, bibi?"

Bi Rhoda akaitazama ile fimbo ya kuazima kama inayomdai.

"Kila mtu aje na chupa ya nusu lita," Yusta aliendelea. "Ijazeni mchanga."

* * *

Hakuna aliyejitoa. Kujitoa ingekuwa sawa na kukiri, na hapo wote walikuwa wanajuana. Kwa hiyo kundi jekundu lilikaa kwenye viti vya msiba, Jumanne na Alhamisi, likiinua chupa za mchanga mbele, pembeni na juu, wakati kundi la kijani linazunguka uwanja wa mpira kwa miguu. Wiki zenye mazishi hapakuwa na mazoezi, maana viti vilikwenda kazini kwao.

Kundi la kijani lilikuwa na watu wanne. Mbele alitembea Mzee Muhsin, mikono nyuma. Ubavuni mwake alitembea Stefania, mjane aliyeshuka kutoka Kwashemshi kuja kukaa kwa binti yake, na aliyezoea milima kiasi kwamba uwanja tambarare ulimchekesha.

"Mama Sadala," Hilaria alisema akiwa ameinua chupa juu, "mumeo kwa mbali anaonekana kijana."

"Hesabu zako, Mama Denis."

"Nahesabu. Mzunguko wa tano huu. Naona wanazungumza."

"Wanazungumza nini na pumzi hawana?"

"Pumzi wanazo, mwenzangu. Sisi ndio hatuna. Imeandikwa kwenye kadi."

Chausiku akashusha chupa. Jioni ile alimpakulia mumewe ugali wa bada na kisamvu bila neno, na Mzee Muhsin, asiyejua kosa lake, alikula bila neno vile vile. Kwa upande wake ulikuwa mlo mzuri.

* * *

Yusta alikuwa na utaratibu aliopewa, na aliufuata: kila mwenye kadi nyekundu, ndugu yake wa karibu apigiwe simu. Ndugu wa karibu wa Chausiku alikuwa Sadala, mwanawe wa kwanza, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Handeni mjini. Yusta akamwambia alichokiona: mama amefika nne, anayumba, yuko kwenye hatari ya kuanguka, asibebe maji, asiachwe peke yake.

Ijumaa Sadala akapiga. Jumamosi, kabla ya adhuhuri, gari lake, Noah, lilikuwa limesimama mbele ya nyumba.

"Shikamoo, Mama. Usiinuke! Kaa, kaa hapo hapo."

"Marahaba. Nimekaa, baba. Nakuna nazi."

"Acha nazi." Akamnyang'anya mbuzi na kuiegemeza ukutani, mbali. Akamsalimia baba yake, akakaa kwenye mkeka, kisha akasema yote kwa mkupuo, kama mtu aliyeyakariri njia nzima. Maryamu, mkewe, ameshaandaa chumba. Wameondoa mifuko ya saruji, wamepiga chokaa. Kitanda cha futi tatu na nusu, neti mpya, choo ndani. Chumba kizuri, cha mtu mmoja. Mama atakaa Handeni. Baba, kwa kuwa ni kijani na anajiweza, atabaki aangalie shamba, na watamtafutia mtu wa kumpikia.

"Mtu gani?" aliuliza Chausiku.

"Yeyote. Muuguzi kasema kuna mama mmoja anaitwa Stefania, yuko imara sana, na anatafuta kibarua."

Barazani ile kamba ilisimama kusukwa.

"Sadala," Chausiku alisema, "mimi siumwi. Nilidanganya."

"Mama."

"Nilijilegeza. Tulidhani wanagawa msaada. Muulize Mama Denis. Wote tulijilegeza, mtaa mzima."

Sadala akatoa simu, akaonyesha picha ya kadi aliyotumiwa. "Mama, hii ina mhuri."

"Mhuri wa uongo wangu."

"Kila mgonjwa husema haumwi." Sauti yake ikashuka. "Mama yake Julius, yule fundi wangu, naye alikuwa haumwi. Aliteleza bafuni asubuhi watu wameshatoka. Wamemkuta saa kumi na mbili jioni, Mama, anaita kwa sauti ya kitoto. Mimi ndiye niliyembeba kwenda hospitali. Sasa unataka mimi nilale Handeni namna gani?"

Chausiku aliitazama mbuzi kule ukutani. Akajifuta chicha mikononi. Miaka arobaini na tisa alikuwa hajalala nyumba tofauti na Muhsin ila kwa uzazi na misiba. Hakulisema, maana mbele ya mtoto hayo hayasemwi. Akasema, "Nipimwe tena."

"Lini?"

"Leo. Wewe ukiwepo. Nikipata njano, unaniacha na mume wangu."

"Na ukipata nyekundu?"

"Nitapanda gari."

Sadala akamtazama baba yake. Mzee Muhsin akatikisa kichwa kukubali. Kipimo ni kipimo.

* * *

Kufika saa tisa mtaa wote ulikuwa na habari, na Hilaria ndiye aliyehakikisha. Watu walijaa bandani mpaka wengine wakasimama juani. Viti vya msiba vilikuwa vimekodiwa kwa harusi huko mjini, kasoro kimoja ambacho mguu wake ulifungwa waya; wenye harusi walikuwa wamekikataa. Yusta aliitwa siku yake ya mapumziko, nywele nusu zimesukwa, nusu bado, amejifunga kitambaa.

"Bibi, kwa nini hukusema ukweli siku ile?"

"Siku ile ukweli ulikuwa hauna faida, mwanangu."

"Umenisababisha niandike uongo."

"Nisamehe. Leo andika utakachokiona."

Chausiku akavua kandambili, akajifunga khanga kiunoni, akakaa. Kiti kikalia. Sadala akasimama mbele yake na simu mkononi, kuhesabu sekunde mwenyewe. Mzee Muhsin alisimama pembeni, mikono nyuma, macho kwenye miguu ya kiti, mahali alipozoea kutazama mpima mizani.

"Anza!"

"Bismillahi, yaa Rabbi." Akainuka. "Alhamdulillahi." Akakaa.

"Moja!" umati ukaitikia.

"Bismillahi, yaa Rabbi."

Mbili ilikwenda vizuri. Tatu pia. Kwenye nne, mahali alipokuwa ameishia siku ile kwa makusudi, alipita kwa nguvu hata Mzee Habakuki akapiga makofi. Ila tano ilikuwa nzito. Chausiku aliisikia kwenye mapaja, na ikamshangaza. Alikuwa ameamini kwamba siku ile alificha nguvu nyingi. Sasa alikuwa anazitafuta alikozificha na hazipo zote.

"Bibi, usiseme!" Yusta alimwambia. "Inuka tu, yale maneno yanakula sekunde!"

"Nisiposema," Chausiku alijibu akiwa katikati ya kuinuka, "nitainuka kwa nguvu za nani? Alhamdulillahi."

"Sita!"

Mkono ulimtoka kifuani kwenda gotini, akaurudisha. Midomo yake ikatetemeka kwa bismillahi, akaifikisha mwisho wote, neno kwa neno, ndipo akapanda. Akasimama. Akakaa. Saba. Akavuta pumzi, akasema "Bismillahi, yaa—"

"Basi," alisema Sadala.

Akainua simu watu waione.

"Nane!" alipaza sauti Hilaria. "Mimi nimehesabu nane!"

"Nane kabisa," alisema Mzee Habakuki.

"Nane na ushee," alisema Bi Rhoda, akigonga fimbo chini. Siku hizo ameshainunua. Banda zima likashika, nane, nane, watu wale wale waliojipunguza kwa Yusta sasa wanaongeza. Yusta alisimama na kalamu hewani. Alitazama karatasi, akamtazama yule bibi, na ilionekana wazi kwamba mtu mmoja zaidi akisema nane, nane itaandikwa.

Chausiku alikuwa bado anahema. Aliinua mkono, watu wakanyamaza.

"Ni saba," alisema.

"Mama Sadala!" Hilaria alimkemea akiwa ameuma meno.

"Ni saba, Mama Denis. Zile nne zilikuwa za uongo. Hizi saba ni za kweli." Akamgeukia mwanawe. "Kumbe na mimi nilikuwa sijui. Kachukue begi langu, liko mlangoni."

Alikuwa ameliweka mlangoni mapema, kwa tahadhari. Sadala akashika ufunguo wa gari, akasimama nao. Alikuwa ameshinda, lakini hakuonekana kama aliyeshinda. Alionekana kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa.

"Nipime na mimi," alisema Mzee Muhsin.

Watu wakageuka.

"Babu, wewe una kijani," Yusta alisema. "Ulipata kumi na nne."

"Ilikuwa siku ile."

Akakisogelea kiti. Mkewe akampisha. Akakaa, akakunja mikono kifuani, akaikunja vizuri. Sadala, kwa kutojua la kufanya, akabonyeza simu.

Mzee Muhsin aliinuka. Polepole, kama gunia linaloinuliwa kwa kamba. Akasimama, akafikiri, akakaa. Akakaa kwa muda. Kiti kikalia. Akainuka mara ya pili, akashika goti, akarudi chini.

"Basi," alisema. "Nimechoka. Andika mbili."

Hapo bandani hakukuwa na mtu ambaye hakumwona Alhamisi akizunguka uwanja wa mpira mara sita. Stefania alikuwepo, aliyezunguka naye. Hilaria, ambaye hajawahi kuacha jambo lipite bure, aliinama akaanza kutoa mchanga ambao haukuwemo kwenye kandambili zake. Hakuna aliyecheka. Hata Yusta aliandika mbili.

"Baba," Sadala alisema kwa sauti ya chini, "unafanya nini?"

"Napimwa."

"Baba, wewe hujawahi..."

"Kipimo kimesema. Mimi ni nyekundu kuliko mama yako."

Sadala akajikuna kisogo. "Basi nitawachukua wote wawili."

"Kitanda ulisema cha futi ngapi?" aliuliza Chausiku.

"Tatu na nusu."

Wakatazamana wote watatu, na umati ukawasaidia kutazamana. Sadala akatoka pembeni na simu, akampigia mkewe. Banda zima likanyamaza ili asisumbuliwe, na kila mtu akasikia. "Wawili. Eeh, wawili... Siyo utani, Mama Hussein... Na Baba pia... Hapana, amepata mbili tu... Najua alipata kumi na nne!... Saruji itakwenda wapi sasa?" Akasikiliza kwa muda mrefu. Akarudi.

"Itabidi niongeze chumba," alisema. "Baada ya mavuno. Mpaka hapo mtakaa hapa, ila maji mtaletewa. Na bafuni naweka chuma cha kushikia, nitamtuma Julius."

"Jenga taratibu," Mzee Muhsin alimwambia. "Usilipue msingi."

* * *

Jioni ile begi lilirudi ndani. Mbuzi ilirudi chini. Chausiku alimaliza nazi iliyokatizwa mchana, ikiwa imeanza kukauka, na mumewe alikuwa barazani na kamba yake.

"Baba Sadala."

"Naam."

"Miaka kumi na tisa kwenye mizani. Watu walikuwa wanakutukana kwa kilo moja."

"Ile ilikuwa mizani ya watu," alisema Mzee Muhsin. "Hii ni ya nyumbani."

Chausiku akasema bismillahi, akanyoosha mkono kushika fremu ya mlango, akauondoa kabla haujafika. Ilimchukua muda kuinuka, kisha kukaa. Mumewe hakugeuka kumwangalia, ila kamba ilisimama mpaka aliposikia alhamdulillahi.

Jumanne, saa mbili, viti vilikuwa vimerudi kutoka harusini. Kundi la kijani lilibaki na watu watatu, Stefania mbele. Kwenye safu ya nyekundu, kati ya Hilaria na Chausiku, alikaa Mzee Muhsin na chupa yake ya mchanga, ameijaza mpaka shingoni bila kuzidisha. Yusta aliwataka wainuke na kukaa mara tano, kila mmoja kwa kadiri yake.

Mzee Muhsin alisubiri. Alisubiri bismillahi yote iishe, na mkewe apande, na asimame wima. Hapo ndipo naye alipoanza kujivuta kutoka kitini kwa taabu kubwa, akakaa baada yake, akahema baada yake. Tano zote alifanya hivyo, wala hakumpita hata mara moja.

"Babu," alisema Yusta, akipita na karatasi yake, "naona unaendelea vizuri."

"Polepole," alijibu Mzee Muhsin.